Naomba ushauri: nitathibitishaje tetemeko dogo la Subukia lililofunikwa na lile kubwa la 1928?

Mkusanyaji wa Subukia:
Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Ninakusanya historia ya Subukia na Solai, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, na nimefika mahali ninapohitaji msaada wa waliozoea magazeti ya zamani na orodha za matetemeko ya ardhi. Tetemeko la tarehe 6 Januari 1928 halina shaka: ukubwa wake ulikuwa takriban 6.9, liliacha mpasuko wa takriban kilomita 38 kando ya ukingo wa Laikipia, na wataalamu wameliandika mara nyingi. Ninalolitafuta ni jingine, dogo. Baadhi ya wazee niliowarekodi, waliosimuliwa na wazazi wao waliokuwa vibarua katika mashamba ya walowezi, wanashikilia kwamba kabla ya usiku ule ardhi ilikuwa imekwisha kutikisika mchana mmoja, vyungu vikaanguka, kisha watu wakarejea kazini. Wanaliweka baada ya jua kupatwa na kabla ya nzige. Kila ninayemweleza hunijibu kwamba hiyo ni kumbukumbu ya 1928 iliyochakaa. Siamini hivyo, kwa kuwa wasimulizi hao hao wanausimulia pia usiku wa lile kubwa, wala hawayachanganyi. Nianzie wapi?

Mzee wa Makavazi:
Ndugu, wazee wako wamekupa zaidi ya unavyodhani. Jua lilipatwa asubuhi ya tarehe 14 Januari 1926, na kivuli chake kilipita Kenya. Nzige wa jangwani nao waliivamia nchi kuanzia 1928. Basi una dirisha la takriban miaka miwili, na hilo linasomeka. Anza na gazeti la East African Standard, ambalo unaweza kulitafuta katika Makavazi ya Kitaifa na Maktaba ya McMillan jijini Nairobi. Usiishie kwenye vichwa vikubwa vya habari, kwa maana mtikisiko ulioangusha vyungu tu haukuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Utaupata, ukiwapo, katika barua za wasomaji, katika habari fupi za wilaya kutoka Nakuru, au pembeni ya taarifa za mvua na mazao. Nakili maneno yote kama yalivyo, pamoja na tarehe ya toleo na ukurasa. Gazeti likisema “Jumanne iliyopita”, hesabu kutoka siku barua ilipoandikwa, ikiwa imetajwa, si kutoka siku toleo lilipotoka, kwa sababu barua kutoka shambani ingeweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuchapishwa.

Jambo jingine ninalokusihi ulizingatie: simu ya maandishi iliyotoka Nairobi na kuchapishwa London si shahidi wa pili. Ni shahidi yule yule aliyesikika mara mbili. Shahidi wa pili ni mtu mwingine aliyeandika kutoka mahali pengine bila kumsoma wa kwanza. Kwa ajili hiyo ningetafuta ripoti za mwaka za maafisa wa wilaya, na shajara za wamisionari wa Consolata wa Nyeri, ambao shirika lao lilifika Kenya mwaka 1902.

Binti Jiolojia:
Naongeza kuhusu orodha. Kuanzia 1918 vipimo vya vituo vya matetemeko duniani vilikusanywa katika International Seismological Summary, iliyoanzishwa Oxford chini ya H. H. Turner. Itazame, lakini usiifanye hakimu. Miaka hiyo vituo vya Afrika vilikuwa vichache na vilitengana mno, kama Helwan nchini Misri, Cape Town na Antananarivo, na tetemeko lenye ukubwa wa 4 hivi chini ya Subukia lingeweza kupita bila kupatiwa kitovu. Ambraseys na Adams, waliochapisha mwaka 1991 uchunguzi mpya wa matetemeko ya Afrika ya 1900 hadi 1930, waliyafuata yale makubwa. Hivyo dogo kukosekana humo si ushahidi kwamba halikutokea.

Jihadhari na saa. Orodha hutumia saa za Greenwich, na Kenya ya wakati huo ilikuwa saa mbili na nusu mbele, si tatu kama leo. Lile kubwa limeandikwa dakika chache baada ya saa 19:30, yaani saa nne usiku huko Subukia. Tetemeko la saa saba usiku lingeonekana chini ya tarehe ya jana yake. La kwenu ni la mchana, kwa hiyo tarehe itabaki pale pale, ila saa itasogea.

Mjukuu wa Solai:
Mimi nina shaka moja. Baada ya lile kubwa ardhi iliendelea kutikisika. Je, huo mchana hauwezi kuwa wa siku zilizofuata, nao nzige wakawa bado hawajafika?

Mkusanyaji wa Subukia:
Inawezekana, na nakushukuru. Nitarudi kwenye rekodi kusikiliza kila msimulizi alitaja nini kwanza bila kuulizwa, kisha nitasoma matoleo kuanzia Januari 1926 hadi mwisho wa 1928, si hadi usiku wa lile kubwa pekee. Nikikuta barua moja tu, nitaruhusiwa kukadiria ukubwa?

Binti Jiolojia:
Hapana. Barua moja itakupa ukali wa mtikisiko mahali pale pale alipokuwa mwandishi, na hata huo uuandike kwa tahadhari, kwa sababu chungu kilichosimama vibaya huanguka kwa msukosuko mdogo. Ukubwa unahitaji taarifa za mahali pengi, pamoja na zile zinazosema kwamba watu hawakuhisi kitu.

Mzee wa Makavazi:
Vilevile tenganisha katika daftari lako matoleo uliyoyasoma yasitaje kitu na matoleo yaliyopotea au kuchanika. Hayo mawili hayalingani hata kidogo, na atakayeifuata kazi yako atahitaji kuyajua yote.