Mjadala: Je, Katherine Mansfield alimwibia Chekhov?

Mwanahadithi: Mwaka 1910 Katherine Mansfield, mzaliwa wa Wellington, New Zealand, aliyekuwa ndiyo kwanza anajitafutia jina London, alitoa katika jarida la The New Age hadithi ya msichana mtumishi anayechoka hadi anamziba pumzi mtoto mchanga anayemlea, ili apate kulala. Chekhov, mwandishi wa Kirusi, alikwisha kukiandika kisa hicho mwaka 1888, wala hadithi ya Mansfield haikumtaja. Kwangu huo ni wizi, na sifa tunayompa ya kuwa miongoni mwa walioanzisha hadithi fupi mpya ya Kiingereza inastahili kupunguzwa. Mwanamke mgonjwa aliyekufa kijana huonewa huruma, na huruma hiyo imewafumba wahakiki midomo.

Bibi Kalamu: Ndugu Mwanahadithi, sentensi yako ya mwisho imenichoma. Chekhov naye aliuawa na kifua kikuu, mwaka 1904, akiwa na miaka 44, na sijamsikia mtu akidai kwamba anasomwa kwa huruma. Mansfield alifariki Januari 1923 akiwa na miaka 34, na ni katika miaka miwili ya mwisho, akihama huku na huku kati ya Ufaransa na Uswisi kutafuta nafuu, ndipo alipoandika "The Garden Party", "The Doll's House" na "The Fly". Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliandika katika shajara yake kwamba maandishi ya Mansfield ndiyo pekee aliyowahi kuyaonea wivu. Je, naye alikuwa akimhurumia?

Msomaji Mkongwe: Wahakiki hawakunyamaza. Kama kumbukumbu yangu ni sahihi, mwaka 1951 jambo hili lilijadiliwa kwa barua katika jarida la Times Literary Supplement. Mimi nimezisoma hadithi zote mbili, na kisa ni kimoja, hilo halina ubishi. Hata hivyo, Varka, yule mtumishi wa Chekhov, anaandamwa na kifo cha babake, ilhali msichana wa Mansfield anaona njia nyeupe kati ya miti mirefu myeusi, njia isiyofika popote, na anasikia kwamba bibi mwenye nyumba ana mimba nyingine. Zaidi ya hayo, mwaka 1920, alipokuwa na jina tayari, Mansfield alikataa kukichapisha tena kitabu chake cha mwaka 1911 chenye hadithi hiyo, akisema ni kazi changa mno.

Mwanahadithi: Kukataa huko hakumsafishi, kwani hata mwenye kuficha jambo angekataa. Alipofariki, mumewe John Middleton Murry alikitoa upya mwaka 1926, na alifanya vyema, maana maandishi ya marehemu ni mali ya wasomaji.

Bibi Kalamu: Mali ya wasomaji? Katika wosia wake wa Agosti 1922 alimwomba mumewe achapishe machache kadiri iwezekanavyo, na mengi ayararue na kuyachoma moto. Murry alitoa shajara mwaka 1927 na barua mwaka uliofuata, na shajara yenyewe aliiunga kutokana na madaftari na vipande vya karatasi vilivyotawanyika, akiacha yale yasiyofaa sura ya mtakatifu aliyokusudia kumjengea. Uchungu wa mke ukawa riziki ya mume, nawe unasema alifanya vyema!

Kijana wa Maktaba: Dada, utusomee na barua ya mwezi uleule, ambamo anamwambia Murry kwamba miswada yote anamwachia yeye, aifanyie apendavyo. Alimjua vizuri kuwa ni mhariri. Bila Murry tusingekuwa na "The Aloe", mswada ulioanzwa mwaka 1915 ambao baadaye ukawa "Prelude", ile iliyochapwa na akina Woolf katika kiwanda chao kidogo mwaka 1918. Ukizisoma sambamba unaona jinsi alivyofuta maelezo, akabakiza chumba, sauti na mtoto anayetazama. Hilo ndilo lililokuwa jipya kwake, na halikutoka katika kisa cha mtu yeyote.

Mwanahadithi: Basi mswada unatetewa ukimpa sifa, na hadithi ya mwaka 1910 inasamehewa kwa sababu ya ujana wake. Kipimo kiwe kimoja.

Bibi Kalamu: Kijana wa Maktaba, "The Aloe" nakuachia, kwa sababu ni kazi ya mwandishi akiwa kazini. Sizungumzii hiyo. Nazungumzia kurasa alizoandika usiku akikohoa damu, ambazo hakumwandikia msomaji yeyote. Katika "The Doll's House" watoto wa mfua nguo wanafukuzwa uani kama kuku, na yule mdogo anaondoka akiwa ameiona taa ndogo ya ile nyumba ya mwanasesere, na hadithi inatosha hivyo ilivyo. Nitajie ukurasa mmoja wa shajara uliokufanya uielewe zaidi.