Liberty wamemtema kocha aliyewapa ubingwa wa kwanza, na nyie mnashangilia!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka kusoma watu wanaandika eti Sandy Brondello "alibebwa na mastaa" na kwamba New York Liberty, timu ya kikapu ya wanawake aliyokuwa anaifundisha, wamefanya la maana kutomwongezea mkataba. Kama una povu la kunijibu, soma uzi wote kwanza ndiyo ulimwage.

Timu hii ipo WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake Marekani, tangu ligi inaanza 1997. Ikafika fainali 1997, 1999, 2000, 2002 na 2023, mara zote tano ikatoka mikono mitupu. Katikati hapo ikadharaulika mpaka ikaondolewa Manhattan na kupelekwa kuchezea ukumbi mdogo wa White Plains, nje kabisa ya jiji, huku mmiliki wa zamani akitafuta mteja wa kumuuzia. Msimu wa 2020 ilishinda mechi 2 na kupoteza 20. Mbili, jamani! Brondello akaja 2022. Msimu wa 2023 wakamaliza na ushindi 32 na vipigo 8, wa 2024 vilevile 32 kwa 8, na Oktoba 20, 2024 kombe likatua Brooklyn. Septemba 2025, hata mwaka haujatimia, anaambiwa mkataba wake umefika mwisho, kwaheri. Hakuna kocha aliyeshinda mechi nyingi kama yeye katika historia ya timu hiyo, 107 za msimu wa kawaida. Shukrani ya punda!

Hoja yenu kubwa ni kwamba kwa kikosi kile hata bibi yangu angebeba kombe. Haya. Breanna Stewart na Jonquel Jones walifika 2023, Sabrina Ionescu alikuwepo tangu 2020. Mwaka huohuo wa 2023 wakapigwa na Las Vegas Aces 3-1 kwenye fainali, tena mechi ya mwisho wakafungiwa nyumbani 70-69 na Aces wasiokuwa na nyota wao Chelsea Gray. Mastaa si walikuwepo? Kombe mbona halikuonekana?

Kilichobadilika mchujo wa 2024 ulipoanza ni uamuzi wa benchi, na ndio huu hamtaki kuuzungumzia. Mama yule alimtoa Courtney Vandersloot kwenye watano wa kuanza akamwingiza Leonie Fiebich, Mjerumani aliyekuwa kwenye msimu wake wa kwanza WNBA. Vandersloot si mchezaji wa kukalishwa hivihivi. Ni bingwa wa 2021 akiwa na Chicago Sky na ni miongoni mwa watoa pasi hodari kuwahi kutokea ligi ile. Kocha mwoga angemwacha tu aanze, mambo yakiharibika lawama ziende kwa wachezaji. Yeye aliona Fiebich ana urefu wa kukaba mtu yeyote wa pembeni na anatupia za pointi tatu, kwa hiyo Ionescu abebe mpira na uwanja utanuke. Mechi ya kwanza dhidi ya Atlanta Dream binti akaweka pointi 21. Wakapita hapo, wakaja kuwatoa Aces walewale 3-1.

Sasa njooni kwenye mechi ya tano ya fainali na Minnesota Lynx. Liberty wako nyuma kwa pointi 12 kipindi cha kwanza. Ionescu, staa mnayemwimba, anatupa mara 19 na kuingiza moja. Stewart naye mkono umekataa kabisa. Timu ikabebwa na Jones, ambaye alistahili ile tuzo ya mchezaji bora wa fainali, pamoja na Nyara Sabally, aliyetokea benchi na kuchomoa pointi 13. Dakika tano za nyongeza zikafunguliwa na Fiebich kwa mtupo wa pointi tatu, kisha Sabally akapokonya mpira na kwenda kufunga. Lynx dakika zile zote wakaambulia pointi mbili. Ikaisha 67-62. Mjerumani wa msimu wa kwanza na binti wa benchi, wakati mastaa wawili hawaoni kikapu! Nani aliwaamini na kuwaacha uwanjani?

(Najua mtaleta ile faulo aliyochezewa Stewart zikiwa zimebaki sekunde 5.2 za muda wa kawaida, iliyotufikisha kwenye nyongeza. Hata mimi naiona nyepesi, na Cheryl Reeve, kocha wa Lynx, aliipinga waamuzi wakaitazama tena wakabaki nayo. Lakini mitupo miwili ya bure ilibidi iingie, na ikaingia, na yule dada kwenye mechi ya kwanza alikuwa amekosa mmoja ambao ungemaliza kazi.)

Msimu wa 2025 walianza kwa kushinda mechi tisa mfululizo. Halafu Jones akaumia kifundo, Fiebich akaenda kuchezea Ujerumani kombe la Ulaya, Stewart naye goti likaanza. Wakamaliza 27 kwa 17, na Phoenix Mercury wakawatoa raundi ya kwanza 2-1, Stewart akiwa ameumia goti mechi ya kwanza tu. Simtetei kwa kila kitu. Kuna usiku mashambulizi yalikuwa yanakwama, mpira unadundwa mpaka saa inakaribia kuisha, na watu walishalalamika tangu 2023. Mngesema hilo ningewaelewa. Ila kumwambia aliyeleta kombe la kwanza baada ya miaka 27 ya kusubiri kwamba hakuwa na mchango, huo ni uchawi.

Kashachukuliwa na Toronto Tempo, timu mpya kabisa, na Liberty wamemleta Chris DeMarco kutoka benchi la wasaidizi wa Golden State Warriors. Simjui ubaya, wala sina ugomvi naye. Ila nyie mnaoshangilia nijibuni moja tu: siku DeMarco atakapokosa kombe na kikosi hichohicho mlichosema hata bibi yangu angeshinda nacho, mtamlaumu nani?