Wasini kutoka Nairobi: tujipange vipi tusiharibu matumbawe?

Mkazi wa Kasarani:
Habarini wadau. Tuko sita, tunakwenda kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini mwa Kenya, siku tatu mwezi wa Januari. Tunataka kuogelea kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite na kuona pomboo bila kuacha uharibifu. Tubebe nini, na nahodha tumwambie nini?

Mwana wa Vanga:
Anzeni na maji. Wasini ni mwamba wa matumbawe, watu hutegemea sana maji ya mvua, na Januari ni kiangazi. Lita 3 kwa mtu kwa siku ni lita 54, kwa hiyo jazeni mitungi mitatu ya lita 20 mjini Ukunda kabla ya kuvuka kwa boti kutoka Shimoni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja msibebe kabisa: zilipigwa marufuku kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Kisiwani hakuna magari, sembuse lori la taka. Mtakachoingia nacho, rudini nacho.

Mzamiaji:
Wengi huvunja matumbawe kwa hofu, si kwa ubaya. Maji yanaingia kwenye miwani ya kuogelea, mtu anababaika, anatafuta pa kusimama, na kilicho chini ya unyayo ni kiumbe hai. Matumbawe ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka!

Jaribuni miwani nchi kavu: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika, ni yako. Ikidondoka, badilisha. Unywele mmoja chini ya mpira unatosha kupitisha maji, na wenye masharubu wapake vaselini kidogo. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea, limsaidie kuelea.

Jua likingeni kwa fulana ya mikono mirefu. Losheni ya jua yenye kemikali ya oksibenzoni iacheni nyumbani, inadhuru matumbawe machanga.

Mwana wa Vanga:
Kwa nahodha, kubalianeni kabla ya kulipa: afunge boti kwenye boya, asitupe nanga juu ya matumbawe. Nahodha asiwakate pomboo mbele wala kuwakimbiza. Aende ubavuni pao polepole, nanyi msijirushe majini. Wakianza kuzama muda mrefu na kubadili mwelekeo kila mara, wamechoshwa. Ondokeni.

Ada ya hifadhi lipeni mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Mkazi wa Kasarani:
Shukran sana. Na magamba ya kauri yanayouzwa ufukweni?

Mzamiaji:
Msinunue, hata moja. Mengi huchukuliwa konokono wa baharini akiwa hai ndani, maana gamba lililokufa hupoteza mng'ao. Hizo pesa pelekeni kwenye daraja la mbao linaloendeshwa na akina mama, pale bustani ya matumbawe kijijini.