Tupeane uzoefu: ulijiandaaje sekondari kwa chuo kinachotaka zaidi ya ufaulu wa mtihani?

BintiMakambako

Wakuu, salaam.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, naletewa vijana wenye divisheni wani safi, na swali ni moja: "Dada, huyu tunataka aende Marekani, tuanzie wapi?" Inaniuma kuwaambia kwamba kwa mwaka huo wamechelewa. Vyuo vikubwa vya kule hufunga maombi kati ya Novemba mosi na mapema Januari, majibu hutoka kufikia mwishoni mwa Machi, na kijana wetu mwezi huo bado hajaingia hata kwenye chumba cha mtihani wa Mei. Wakati wanamchagua, matokeo yake ya mwisho hayapo. Wanachokuwa nacho mezani ni alama za darasani, SAT (mtihani wa Marekani wa kuombea chuo), na kile alichokuwa anakifanya tangu kidato cha tatu.

Sisi tumezoea utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: pointi zikitosha na ushindani ukiruhusu, umeingia. Harvard au MIT huchukua waombaji pungufu ya 5 katika kila 100, na wengi wa wanaoachwa wana A tupu. Ndiyo maana kuna insha (ile kuu ya Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi, mwisho wake maneno 650), orodha ya shughuli zako nje ya darasa, barua za walimu, na kwa baadhi ya vyuo mahojiano.

Nianze na yangu. Nimekulia kwenye duka la pembejeo la baba. Kuanzia kidato cha pili likizo zote nilikuwa kaunta: mbolea, mbegu, dawa, na daftari la madeni. Wakulima walikuwa wanakopa Novemba na kulipa baada ya mavuno, na baba alikuwa anawaandika wote kwenye daftari moja kwa mpangilio wa tarehe, hivyo anayedaiwa zaidi hakuonekana mapema. Nikagawa daftari kwa vijiji, kila mkulima ukurasa wake, na pembeni naandika anavuna nini na lini. Msimu uliofuata baba alijua aende kijiji gani wiki gani. Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya nyumbani tu, wala sikuwahi kuidhania kuwa kitu cha kuandika kwenye maombi ya chuo.

Nilipofungua ile orodha ya shughuli nikakuta kazi ya kulipwa ina kipengele chake, na majukumu ya familia yana kipengele chake. Nafasi ziko 10, kila maelezo herufi 150 ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Duka likawa la kwanza, kwaya ya pili, klabu ya mdahalo ya tatu. Insha yangu nzima ilikuwa ni lile daftari. Nimesoma Massachusetts kwa ufadhili kamili, na kazi yangu leo ni takwimu za kilimo.

Ninachoamini ni hiki: watoto wetu wana mengi ya kuandika, ila hakuna aliyewaambia kwamba yanahesabika, wala kwamba waanze kuyatunza mapema. Naomba kila aliyepita njia hii aweke alichofanya kweli. Waliopata, waliokosa, wazazi, walimu, wote karibuni.

---

Mwalimu_Fizikia

Asante kwa uzi huu, dada. Mimi niko upande wa pili, wa kuandika barua.

Shule nyingi za serikali hazina mshauri wa masuala ya vyuo vya nje. Maombi ya kule yanataka barua ya shule, maelezo kuhusu shule yenyewe, rekodi ya alama, na kwa kawaida barua za walimu wawili. Basi mkuu wa shule au mtaaluma anafanya kazi ya mshauri, na sisi walimu wa somo tunaandika zetu. Barua tulizozoea ni hizi: "Mwanafunzi huyu ana nidhamu, ni msikivu na mchapakazi." Kwa mwajiri wa hapa inatosha. Kwa msomaji aliyekaa Connecticut na rundo la barua, haimwambii chochote.

Niwape mfano. Kwenye prakitiko ya pendulamu tunatafuta g, mchapuko wa mvutano wa dunia, na kila mtu anajua jibu ni 9.8, kwa hiyo darasa zima linapika data. Kuna binti mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) alikuja na 9.2. Nikamwambia rudia, akarudia, ikawa vilevile. Hakupika. Alikokotoa g kwa kila urefu wa uzi peke yake, akaona kadiri uzi unavyofupishwa ndivyo jibu linavyozidi kushuka. Siku mbili baadaye alinifuata ofisini: alikuwa anapima uzi mpaka pale unapofungwa, badala ya kupima mpaka katikati ya kigololo kinachoning'inia. Kosa ni lilelile, ila kwenye uzi mfupi linauma zaidi.

Barua yangu yote ilikuwa kisa hicho. Sikumsifia kwa maneno makubwa, nilieleza alichofanya, nikaongeza kwamba maabara yetu ina stopuwochi chache na wanapokezana. Alipata chuo.

Kwa hiyo, wanafunzi: mwalimu mwenye madarasa ya watu 60 na zaidi hawezi kukukumbuka kwa sababu ya ukimya na nidhamu peke yake. Baki baada ya kipindi, uliza kilichokusumbua. Ukifika wakati wa kuomba barua, nenda kwa mwalimu aliyekufundisha kidato cha tano na sita, mpe karatasi yenye mambo matatu au manne uliyofanya katika somo lake. Mpe wiki kadhaa, usimfuate zikiwa zimebaki siku mbili. Na hakikisha anatumia imeili anayoifungua, kwa maana mwaliko wa kupakia barua unakwenda huko. Nimeona maombi mazuri yakikwama kwa imeili ya shule ambayo nywila yake aliondoka nayo mwalimu aliyehamishwa.

---

Kijana_wa_Bonde

Hamjambo nyote. Nachangia kutoka Kenya, Bonde la Ufa.

Kwetu KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni Novemba, na mwaka wa kidato cha nne haukuachii nafasi ya SAT. Wengi tunaomba baada ya matokeo, tukiwa nyumbani. Mimi nilipitia KenSAP, mpango ulioanzishwa 2004 na Profesa Mike Boit, yule aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners. Mafunzo yetu yalikuwa Iten. Kuna jambo huwashangaza watu: katika mchujo tulikimbizwa mita 1,500. Huhitaji kuwa mwanariadha ndio uchaguliwe, ila ukionekana una mbio, kocha wa chuo fulani anaweza kukuombea nafasi. Mbio sina, nikabaki na hisabati.

Lililonijenga zaidi ni mazoezi ya kusimulia. Tumelelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, na mahojiano yale mtu anakuuliza "niambie kuhusu wewe" ukajikuta unataja jina la baba, kijiji na shule, kisha kimya. Tulikaa jioni wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anaeleza kitu kimoja tu alichokifanya, kwa dakika tano. Mimi nilieleza jinsi tulivyokuwa tunapokezana zamu ya kuchota maji na kuchunga ng'ombe, ndugu sita, na ratiba niliyoiandika ukutani ili kila mmoja apate muda wa kusoma. Yule mhojaji aliniuliza maswali juu ya hiyo ratiba mpaka muda ukaisha.

Waulizieni pia mpango wa viongozi wa benki ya Equity. Unawachukua wanaofanya vizuri KCSE, wanafanya kazi benki kwanza, na ndani yake kuna maandalizi ya vyuo vya nje.

---

Mama_Tabata

Jamani mimi ni mzazi, nasoma hapa nikiwa na swali la pesa. Mwanangu yuko kidato cha tano, anapenda kompyuta. Hizo ada nimeziona, kwa mwaka zinazidi dola 80,000 ukijumlisha na malazi. Mshahara wangu naujua. Je, nisimtie moyo akaja akaumia?

---

BintiMakambako

Shikamoo mama. Mtie moyo, ila mchague vyuo kwa akili.

Kuna vyuo vichache ambavyo hata kwa mwanafunzi wa kigeni havitazami uwezo wa mzazi wakati wa kuamua, na vikimchukua vinafidia pengo lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Vingine vingi vinatoa ufadhili mkubwa pia, lakini kwa mgeni vinaangalia anahitaji kiasi gani kabla ya kuamua, kwa hiyo nafasi yake inapungua. Vingi vitakutaka ujaze fomu ya CSS: kipato, mali, wategemezi. Andika ukweli ulivyo. Kama una biashara ndogo isiyo na hesabu rasmi, anza leo kuandika mapato na matumizi kwenye daftari, kwa sababu watauliza. Ada za maombi zipo, lakini vyuo vingi vinasamehe ukiomba na kueleza hali.

Washauri wa EducationUSA wapo ubalozi wa Marekani, Dar na Nairobi, na ushauri wao ni bure. Mpeleke mwenyewe, mama, ukasikie kwa masikio yako.

---

Mie_wa_Unguja

Nami nichangie. Mie kila baada ya alasiri nilikuwa nasomesha wadogo chuo cha Kur'ani mtaani kwetu. Mjomba aliniambia nisiliandike, watu wa kule hawatalielewa. Nikaliandika. Nilieleza namna nilivyowapanga watoto, aliyekwisha kuhifadhi sura fulani amsikilize anayeianza, kwani mimi mmoja na wao zaidi ya thelathini. Nikaweka na Ramadhani, saa zinavyobadilika. Barua ya kukubaliwa ilikuja na sentensi ya mkono chini yake, wamelitaja darasa langu.

Msiache dini na desturi zenu nje ya maombi kwa kudhani ni mambo ya kienyeji.

---

Mvita_A-Level

Kwa wanaotazama Uingereza: mambo ni tofauti, msichanganye. Mimi nilifanya mitihani ya Cambridge hapa Mombasa. Oxford na Cambridge tarehe ya mwisho ni 15 Oktoba, na mahojiano Desemba. Unahodha wa timu hauwashughulishi sana. Wanataka kujua umelifuata somo lako umbali gani: umesoma nini nje ya silabasi, na ukipewa tatizo geni utalikabili vipi mbele yao. Mwaka mzima nilikuwa nasoma kitabu kimoja cha hisabati taratibu, naandika pale nilipokwama. Usaili ulikuwa hivyohivyo, kukwama na kuendelea kwa sauti.

---

Nilikosa_UDSM

Niseme na mimi niliyekosa. Niliomba vyuo vya Marekani, vyote vikakataa. Niko UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi, kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya serikali. Klabu ya kurekebisha redio na simu niliyoianzisha kidato cha tano bado ipo pale shuleni, na ndiyo iliyonipa kazi ya likizo. Nawaomba wadogo zangu, hata uwe na uwezo gani, omba na vyuo vya nyumbani kwa bidii ileile.

Na kaeni mbali na mawakala wanaouza insha zilizoandikwa tayari na vyeti vya kujitolea mahali ambako hukuwahi kukanyaga. Darasani kwetu mmoja aliuziwa. Kwenye mahojiano aliulizwa juu ya kile cheti chake, hakuwa na la kusema. Mtoto alikuwa na uwezo kabisa wa kuandika yake. Hilo bado linaniudhi.

---

PCM_Bweni

Shikamooni wakubwa. Niko kidato cha tano, bweni, simu hairuhusiwi. Tunafunga mwisho wa Mei. Hiyo likizo moja nifanye nini kwanza?

---

BintiMakambako

Marahaba mdogo wangu. Kabla hamjafunga, zungumza na mtaaluma na walimu wawili, wajue mapema kwamba utaomba. Tafuta daftari dogo, kila Jumapili andika ulichofanya wiki hiyo nje ya masomo, hata kumfundisha mwenzio hesabu baada ya prepu. Hiyo ndiyo orodha yako ya shughuli baadaye.

Likizoni, kitu cha kwanza ni majina. Linganisha cheti cha kuzaliwa na jina unalotumia NECTA, Baraza la Mitihani. Kama kuna herufi imetofautiana, shughulikia sasa, ndipo uombe pasipoti, maana itakusaidia kwenye SAT na viza. SAT siku hizi inafanywa kwenye kompyuta, vituo ni vichache, na nafasi zinajaa. Azima kompyuta, pakua Bluebook, programu ya kufanyia SAT, fanya jaribio moja kamili kwa muda uleule wa mtihani. Mazoezi ya Khan Academy ni bure. Jiandikishe kwa tarehe ya Agosti au Oktoba, na uombe ruhusa ya siku hiyo shuleni kwa barua ya mzazi. Rasimu ya insha iandike kwa mkono ukirudi bweni, mpe rafiki anayekufahamu aisome, umuulize kama ni wewe.

Wenzetu wa Burundi na Congo mliosoma kwa Kifaransa, bado hamjachangia. Barua za walimu wenu zilitafsiriwa na nani, na vyuo vilizipokea bila tatizo?