Mwenyekiti anayeamua kila kitu: maandiko yanasemaje?

Mdau wa Donholm: Hamjambo wadau. Chama cha akiba hapa Eastlands kina wanachama 200, na kila jambo linapitia kwa mwenyekiti: mkopo wa shilingi 3,000, ugomvi wa faini, hata kubadilisha siku ya mkutano. Wanachama ni Wakristo na Waislamu. Vitabu vitakatifu vina utaratibu gani unaoweza kuingia kwenye katiba ya chama, si mahubiri tu?

Katibu wa Ushirika: Soma Kutoka 18 kwenye Biblia. Musa alikuwa akiamua kesi kutwa nzima, na Yethro mkwewe akamwonya kwamba atachoka yeye na watu pia. Wengi wanakumbuka wakuu aliomshauri awateue, wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, lakini wanauruka mstari wa 20, unaotangulia: watu wafundishwe sheria kwanza. Bila hilo kila kiongozi ataamua kivyake na malalamiko yatarudi kulekule juu.

Watu 200 wanahitaji viongozi 20 wa makumi na 4 wa hamsini. Mipaka iandikwe kwa shilingi: tuseme hadi 5,000 aamue kiongozi wa watu kumi, hadi 30,000 wa hamsini, zaidi ya hapo kamati. Viongozi hao waidhinishe tu. Pesa zitoke kwa mweka hazina. Mstari wa 21 unataka uwezo, uchaji wa Mungu, ukweli na kuchukia rushwa. Uwezo umetangulia, kwa hiyo msimchague mtu kwa sababu anaomba vizuri.

Utaratibu huu huvunjikia kwenye simu. Mwanachama aliyekataliwa anampigia mwenyekiti usiku, naye anamkubalia. Hilo likizoeleka, nani atamwendea tena kiongozi wa kumi? Rufaa iwe ya maandishi na ipande ngazi kwa ngazi.

Abu Salma: Ndugu Katibu, naongeza shura, yaani mashauriano. Aya ya Qur'ani, Aal Imran 159, inahusu vita vya Uhud, mwaka 625. Mtume (s.a.w.) alielekea kubaki Madina, wengi, hasa vijana, wakataka kutoka, akakubali, na Waislamu wakapata pigo zito. Hata hivyo aya inamwamuru awasamehe na ashauriane nao. Basi ploti mliyonunua pamoja ikiwatia hasara, msifute mashauriano. Aya hiyohiyo yasema ukishaazimia, mtegemee Mwenyezi Mungu: wekeni siku ya kufunga maoni, kisha tekelezeni.

Mdau wa Donholm: Shukrani Ustadh. Na vijana wanaonyamaza mbele ya wazee?

Msomaji wa Buruburu: Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa watawa Wakristo wa karne ya 6, sura ya 3: kwa jambo zito abati, mkuu wa monasteri, aite watawa wote, kwani mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Kwa mambo madogo atawauliza wazee peke yao. Uamuzi unabaki wake.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kwenye Sanhedrini 4:2, inaweka hata zamu: katika kesi za kifo, waamuzi wa chini ndio wanaoanza kutoa maoni, wasije wakamfuata mkubwa. Mwenyekiti wenu azungumze wa mwisho, na katibu aandike hoja za vijana kwenye kumbukumbu kabla mzee yeyote hajasimama.