Tupeane uzoefu: Krismasi milimani, mandhari ilikufungukia wapi na saa ngapi?

Mwana wa Kihamba

Wakuu, heri ya msimu.

Desemba imeingia na barabara ya Dar kwenda Moshi imeanza kujaa. Tunapanda kwa ajili ya ibada, mbuzi, mbege na kuwaona wazee, na ndivyo inavyotakiwa. Ila naumia nikimwona mtu amekaa nyumbani wiki nzima, anarudi mjini hajauona Mlima Kilimanjaro vizuri hata mara moja, kisa kila alipotoka nje saa nne ulikuwa umeshajifunika.

Mlima una saa zake. Kwetu ni Kibosho, na ninachokijua ni hiki: amka mapema. Kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi Kibo, kile kilele kirefu, huwa wazi mara nyingi, kuliko muda wowote mwingine wa siku. Jua likishapanda, unyevu wa msituni unapaa, mawingu yanajipanga juu ya miti na pazia limefungwa. Jioni, jua linapokaribia kuzama, hufunguka tena kwa muda mfupi na theluji inapata rangi ya waridi. Tena mvua za vuli zimeshaosha vumbi lote hewani, na ikinyesha usiku huku chini, asubuhi unaweza kukuta kilele kimeongezewa weupe. Mimi husimama kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji ya shamba, pale migomba inapoachia nafasi, na maji yanapita miguuni huku nautazama ule weupe wa mita 5,895. Hakuna kitu nakipenda zaidi katika likizo nzima.

Leteni ya kwenu: mahali, saa na namna ya kufika.

Mama Tarakea

Kaka, Kibosho mna Kibo, sisi Rombo tuna Mawenzi, kilele cha pili. Watu wanaudharau kwa sababu hauna theluji ya kudumu na una mita 5,149 tu. Waje Rombo alfajiri! Jua linachomoza mgongoni kwako, kutoka upande wa Kenya, na mwanga wa kwanza unagonga miamba yote iliyochongoka. Kwa dakika chache inawaka nyekundu mpaka unaona kila ufa. Kisha geuka: chini yako kuna tambarare ya Tsavo, inaanza kijani cha mahindi na maharage ya watu na kuishia buluu.

Mwaka jana niliwatoa wajukuu kitandani, wengine wanalia usingizi. Bibi mzaa baba yao akawashika mikono, akawaonyesha kutoka kwenye mstari wa masale, mimea yetu ya mpaka: hapa ndipo kihamba chetu, shamba la ukoo, kinapoishia, na kule juu ndiko mvua yetu inakotoka. Wamezaliwa Dar hawa, hawajawahi kuambiwa mvua ina mahali inakotoka. Yule mdogo ndiye sasa anayeniuliza kila siku tunaondoka lini.

Njia ni rahisi, kutoka Himo ni lami, unapita Marangu, unapita Mkuu, mpaka Tarakea. Wenye nafasi wateremke Ziwa Chala. Maji yamejaa kwenye shimo la volkano, nusu Tanzania nusu Kenya, na rangi yake inabadilika kadiri jua linavyosogea. Ukingo ni mkali sana, watoto wasiachiwe.

Abiria wa Dirishani

Nyongeza kwa wanaotoka Dar kwa basi: kata siti upande wa dereva. Ukipita Korogwe, Usambara iko upande huo. Same hadi Mwanga, milima ya Upare iko upande huo huo. Himo kwenda Moshi, ukibahatika, Kilimanjaro nao uko huko huko. Waliokaa kushoto huwa wananyoosha shingo njia nzima.

Mshambaa wa Soni

Wengi mnapita Mombo bila kukunja kulia, na kilomita kama 30 hivi juu yenu ndiko Lushoto. Barabara inapanda imebanana na mto, unapita Soni kwenye maporomoko, na Desemba maji yana nguvu. Msimu huu ndio wa plamsi na fyulisi, watoto wanauza kwenye ndoo ndogo kando ya barabara.

Kwa mandhari nendeni Irente, kwenye ukingo wa mwamba, unaweza kutembea kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Hapa nampinga kidogo Mwana wa Kihamba: kwetu si asubuhi, ni jioni. Asubuhi za mvua ukungu unakaa hadi hujui mwamba unaishia wapi. Jioni nyika yote iko chini yako, Mazinde na mashamba ya mkonge, na jua linazama mbele yako.

Msomali wa Majengo

Wakuu, ukweli usemwe, anayetaka kuona Kilimanjaro vizuri asubiri Januari na Februari. Desemba ni kubahatisha.

Mwana wa Kihamba

Kwa mlima peke yake uko sahihi mkuu, Januari anga ni safi zaidi. Lakini Januari wenyeji tumeshaondoka, nyumba zimebaki na wazee. Desemba kuna tarumbeta za usharikani, ndugu wako wote, maporomoko ya Materuni na Kinukamori yamejaa. Mimi nakubali kuamka hata mara tatu nikakuta wingu, ilimradi ya nne niwe na baba yangu pembeni.

Makete Juu

Kaskazini mmeongea sana! Kitulo, huku nyanda za juu kusini, wakuu. Mvua zikishaanza maua yanafunika uwanda wote, ndiyo maana wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Okidi za kila aina, na ni zile zile ambazo watu walikuwa wakichimba mizizi yake kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa mizizi hiyo, inayopelekwa Zambia, hivyo tafadhali msichume hata moja. Kutoka Chimala unapanda Matamba kwa kona zile za Hamsini na Saba. Njia ya udongo, na mvua ikinyesha usijaribu bila gari lenye kuvuta magurudumu yote. Chukueni sweta nzito, ni juu ya mita 2,500.

Mdawida wa Wundanyi

Salamu kutoka Taita, Kenya. Sisi tunarudi nyumbani na treni ya SGR, tunashuka Voi, halafu matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi. Tiketi za wiki ya Krismasi zinaisha mapema, kateni sasa. Msitu wa Ngangao una ndege wadogo wasiopatikana popote nje ya vilima vyetu, ingieni asubuhi na mtu wa pale anayewajua kwa sauti. Halafu pandeni kilele cha Vuria, mita 2,208. Mama Tarakea, hewa ikiwa safi kutoka huko naiona Kilimanjaro yenu. Huko Rombo mnatuona na sisi?