Kiinua mgongo cha jeshi: duka, kuku au boda hapa Arusha?

Mstaafu_Sakina: Habari zenu wakuu. Nimevua gwanda mwaka huu, kiinua mgongo kimeingia na ndugu nao wameingia lol. Nina fremu yangu mbele ya nyumba hapa Sakina na kaeneo nyuma. Nawaza duka la vyakula, kuku wa mayai kama 200, au boda mbili niwape vijana. Kipi kitanifaa mimi ambaye tangu JKT sijawahi kuuza hata pipi?

Mama Trei: Shikamoo afande. Kuku wanalipa ila uwe na pumzi. Ukichukua vifaranga wa siku moja, yai la kwanza utaliona wiki ya 18 au 20 huko, muda wote huo wanakula tu hawakupi kitu. Wakianza kutaga mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, hao 200 ni kilo 24, yaani mfuko wa kilo 50 siku mbili umeisha. Chanjo ya kideri na gumboro usiruke, na baridi yetu ya Julai unaijua, vifaranga wanataka joto usiku kucha. Anza na 50 kwanza uzoee

dogo_kijenge: boda mkuu!! jioni unapokea hesabu umekaa kwenye kochi

Mangi_Kiboriloni: @dogo_kijenge we unaendesha ya mtu ndo maana 😂 mwenye boda hapati usingizi, leo tairi, kesho kakamatwa, keshokutwa simu haipatikani. Mimi nasema duka maana fremu ni yako hulipi kodi ya pango, hapo ushawapita wengi. Shida ya duka ni daftari la madeni. Na wewe ndo watakumaliza, wale uliokula nao mess watakuja "afande niandikie sukari kilo mbili na unga nalipa mshahara ukitoka", utawakataliaje?

Kombati_Monduli: Mangi kasema. Mi nilistaafu kabla yako ndugu yangu. Duka liwe la kwanza, kuku wachache nyuma, mayai unauzia hapohapo dukani. TIN kachukue TRA ni bure, leseni nenda jiji. Usidharau makaratasi, duka likiuza elfu 50 tu kwa siku kwa mwaka ni milioni 18, TRA wanakuona. Ila pesa yote usiizamishe kwenye bidhaa, weka nyingine UTT kwenye mifuko ya uwekezaji, na ndugu waambie imeisha

Mstaafu_Sakina: Marahaba Mama Trei, asante. Basi boda nimeifuta, samahani dogo. Mchele na maharage ya jumla nikachukue soko la Kilombero hapa mjini?

Mangi_Kiboriloni: Kilombero ndio, wahi asubuhi, zunguka kwanza uulize bei watu watatu wanne kabla hujatoa hela. Na usiwaambie umetoka jeshini una mafao, watakupangia bei ya tenda

dogo_kijenge: mzigo wa kutoka Kilombero nitaubeba mimi afande, bei poa